Fungu la Mwenye Chombo

Bendi ya vijana haivunjwi na mwanamke. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Mkunguni, Lamu, mbele ya ngome, wapo watu wazima na ndevu zao za hina ambao mpaka leo wanashikilia kwamba Yamoto Band ilisambaratika kwa ajili ya msichana. Msichana yupi? Jina hawalijui. Binti wa nani? Hawajui. Walimwona kwenye video, wakaamua ni yeye. Mfyuu! Mwanamke wa kwenye video hapewi hata nafasi ya kuitikia salamu, leo ndiye avunje umoja wa wanaume wanne?

Mada ililetwa na kijana wa punda. Alikuwa anapeleka matofali Gadeni, akaona kivuli, akamwegesha punda, akaketi kwenye ncha ya baraza na kufungulia "Niseme" ya Yamoto. Simu aliitumbukiza ndani ya kikombe kitupu ili mlio upate tumbo. Muuza kahawa akaliacha dele lake kwenye makaa, akamgeukia: "Mwanangu, hicho kikombe ni cha kahawa, si cha Aslay." Watu wakacheka, isipokuwa nahodha wetu mmoja mzee. Yeye alikuwa anasikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa midomo, akauliza:

"Hawa ni wangapi?"

"Wanne, ami."

"Na pesa yapokewa na nani?"

Kijana akacheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwa swali hilo moja baraza zima liliacha siasa za kaunti, likaingia kwenye muziki, na hatukutoka humo mpaka adhana ya alasiri.

Kwa waliokuwa bahari kuu miaka ile, niwakumbushe. Yamoto ilitoka Temeke, Dar es Salaam, kwenye kituo cha Mkubwa na Wanawe cha Said Fella, yule yule wa TMK Wanaume. Walikusanywa vijana wanne. Aslay tayari alikuwa amejulikana tangu utotoni kwa "Naenda Kusema". Wenzake walikuwa Beka, Enock Bella na Maromboso, ambaye siku hizi mnamwita Mbosso na kujifanya hamkumjua kwa jina la zamani. Mwaka 2014 na 2015 usingeweza kupanda mashua ya Mokowe usiwasikie. "Niseme" ilipokwisha ilikuja "Nitakupwelepweta", na abiria mwenye mbuzi na abiria mwenye mkoba wa ofisi wote walitikisa kichwa kwa mwendo mmoja.

Tuwape haki yao. Wimbo wa taratibu wa kundi si kazi ya mchezo, na ufundi wake wote uko kwenye zamu. Wa kwanza anaingia chini, karibu anazungumza, kama hajaamua kuimba. Wa pili anakipokea kilio kabla hakijaanguka chini. Wa tatu anakipandisha. Halafu wote wanne wanaingia kwenye kiitikio, na hapo hata wewe uliyeapa kwamba huu ni upuuzi wa watoto unajikuta unatafuta mwenzako wa kumtazama. Aslay alikuwa na sauti inayopasuka mahali panapostahili. Enock Bella alishika ile ya chini, nzito, ambayo ukiiondoa wimbo unabaki unaelea. Mtu mmoja anaweza kuimba vizuri kuwashinda wote wanne, lakini hawezi kujisubiri zamu. Anamaliza ubeti, anavuta pumzi, anaendelea yeye mwenyewe. Msikilizaji anapata wimbo mzuri, lakini ile furaha ya kungoja "sasa aingia nani?" haipo tena.

Mwalimu mstaafu, aliyefundisha Kiingereza sekondari kwa muda mrefu kuliko umri wa kijana wa punda, akasema haya mambo si mageni. Mwaka 1999 wanafunzi wake walikuwa wamepagawa na Backstreet Boys, Wamarekani watano, na wimbo wao "I Want It That Way". Kaunda suti za mwalimu zilikuwa bado mpya wakati huo. Wanafunzi walimletea maneno ya wimbo yaliyonakiliwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, wakamwomba awafasirie. Mwalimu akakaa nayo usiku kucha. Aliweza Shakespeare, akashindwa na hiyo karatasi. Ubeti mmoja unavuta kusini, kiitikio kinavuta kaskazini, hujui kijana anataka jambo hilo liwe au lisiwe. Akawaambia wanafunzi kwamba walinakili vibaya.

Hawakunakili vibaya. Wimbo ule uliandikwa na Waswidi, Max Martin na Andreas Carlsson, na Kiingereza cha Max Martin wakati huo kilikuwa bado kinajikongoja. Kilichomshughulisha ni jinsi neno linavyokaa kwenye noti, maana ingejijua yenyewe. Wenyewe Backstreet walijaribu kurekodi toleo lingine lenye maneno yaliyonyooka, wakalisikiliza, wakarudi kwenye lile lisiloeleweka. Dunia nzima ikalia machozi kwa wimbo ambao hata wenye lugha yao hawakujua unasema nini. Hapa mzee mmoja akasonya kwa nguvu: yeye alikuwa amemchapa mwanawe kwa ajili ya wimbo huo, akidhani una matusi.

"Na video yake?" kijana wa punda akauliza.

Video yake ni uwanja wa ndege. Wanaume watano wamevaa nguo nyeupe, wanatembea, wanasimama mbele ya ndege, upepo unacheza na makoti, mashabiki wanawapigia kelele. Kwisha. Hakuna kisa. Na kwa vile hakuna kisa, kila mtu aliingiza cha kwake: wa Lamu aliyekuwa na kaka Maskati aliona safari, aliyeachwa aliona kuachwa. Walivyokuja Westlife wa Ireland na "My Love" mwaka 2000, mambo yalikuwa yale yale ya safari, ila hao angalau walikwenda kwao, wakamalizia kwenye majabali ya Moher, bahari ya nyumbani kwao iko chini ya miguu. Hilo la mtu kupiga picha kwao nitalirudia, maana lina wenyewe hapa mjini.

Lakini nahodha hakuwa na haja na uwanja wa ndege. Alitaka kujua ya pesa. Mwalimu akamweleza habari ya Lou Pearlman, na naapa sijawahi kuona mzee akisikiliza habari za Florida kwa makini namna ile. Pearlman ndiye aliyewakusanya Backstreet Boys kule Orlando mwaka 1993. Aliwalisha, aliwavisha, aliwalipia walimu wa kucheza, akawaita wanawe na wao wakamwita baba. Wakazunguka Ulaya, viwanja vikajaa. Siku walipokaa na kuhesabu, wakaona mifuko yao na umaarufu wao havifanani hata kidogo. Mmoja wao alitangulia mahakamani, wenzake wakamfuata mwaka 1998, wakidai kwamba kwa miaka yote ile wote watano pamoja walipata kiasi cha dola 300,000, hali Pearlman na kampuni yake wakichukua mamilioni. Na katika karatasi walizotia sahihi wakiwa vijana, Pearlman alikuwa amejiandika kuwa mwanachama wa sita wa bendi. Analipwa kama meneja, analipwa kama mwenye kampuni, kisha analipwa tena kama mmoja wa waimbaji.

"Aliimba?" nahodha akauliza.

"Hakuimba."

"Alicheza?"

"Kwa mwili ule, ami? Hakucheza."

Nahodha akapiga goti lake kofi. "Basi huyo si mtu wa sita. Huyo ni chombo."

Wasiojua mambo ya pwani wataona mzee kachanganyikiwa. Hapana. Katika uvuvi wa huku, chombo kikirudi na samaki wakauzwa, kwanza hutolewa gharama: mafuta, barafu, chakula cha mabaharia. Kinachobaki hugawanywa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, mashine kama ipo ina fungu lake. Vitu hivyo havili, havilali na mke, lakini vinapata, maana nyuma ya kila kitu yuko mwenye nacho aliyekaa nyumbani. Ndipo mabaharia wagawane, nahodha akiongezewa kidogo kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa chombo kikizama. Kwa hiyo baharia wa Kizingitini aliyepiga mbizi tangu alfajiri akitafuta kamba mawe anajua, hata kabla hajavua shati, kwamba wa kwanza kulipwa ni mbao. Anaweza kuona ni dhuluma au asione, lakini anajua. Mafungu yanasemwa pwani, kwa sauti, kabla ya tanga kutwekwa.

"Hao watoto wa Florida," nahodha akasema, "waliingia chomboni bila kuuliza mafungu. Hilo ni kosa la baba zao."

Pearlman mwenyewe aliishia pabaya, tena si kwa muziki bali kwa utapeli wa uwekezaji. Mwaka 2008 alihukumiwa miaka 25, akafia gerezani 2016. Muuza kahawa akasema Mwenyezi Mungu halali. Mwalimu akasema ni kweli, lakini vijana hawakurudishiwa na mauti yake hata senti moja. Kila mtu akanyamaza kidogo kwa heshima ya senti hiyo.

Sasa Yamoto. Nisieleweke vibaya: kwa mambo ya Temeke simlinganishi mtu na jambazi wa Florida. Magazeti ya burudani ya Dar yaliandika, tena kwa picha, kwamba meneja aliwajengea vijana wake nyumba kule Mbande. Nyumba si jambo dogo. Mtoto wa uswahilini aliyekuwa analala wanne kitanda kimoja anapewa mlango wenye ufunguo, wewe ni nani usonye? Mama yake anapata mahali pa kuanika kanga. Mimi ningemshukuru mtu huyo msikitini.

Hata hivyo baraza liligawanyika pande mbili kwa nyumba hizo, na sababu yake ni ya hapa hapa Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Mapatano yalipofuata, ikaja habari kwamba sehemu iwe fedha taslimu na sehemu iwe vifaa: boti, nyavu, mashine. Lo! Mji haukulala. Wapo waliosema vifaa ni bora, kwa kuwa taslimu ikiingia nyumba yenye wake wawili haitoki salama. Wapo waliosema mimi nimeharibiwa bahari yangu, wewe waniamulia nivue kwa boti ya rangi gani? Nipe changu nikatumie nijuavyo, hata nikikimaliza kwa haluwa ni changu. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, meli ikaja, picha zikapigwa. Ubishi wa taslimu na vifaa ungali hai, na siku ile uliihamia Yamoto Band mzima mzima. Anayepewa nyumba amepewa mali. Hilo halina shaka. Ila hajui alichuma kiasi gani. Na mtu mzima ambaye hajui alichuma kiasi gani, siku moja atakaa kwenye kibaraza cha nyumba hiyo hiyo aanze kukisia. Kukisia ndiko kunakovunja bendi. Anaweza kukisia zaidi ya kilichokuwako, akamwonea aliyemlea.

Walipoachana hao wa Yamoto, kila mmoja alishika ndia yake, kwa Kiamu cha nahodha. Mwaka 2017 Aslay aliachia nyimbo mfululizo, "Natamba" haijapoa imekuja nyingine, kama mtu aliyekuwa amefungiwa chumbani na daftari. Beka akatoka na "Libebe". Mbosso mwaka 2018 akaingia Wasafi kwa Diamond, yaani kutoka chombo kimoja kwenda chombo kingine kikubwa zaidi, na mwaka 2025 akashuka huko pia ili aende peke yake. Enock Bella tunamsikia kwa nadra, na mimi ndiye ninayemkosa kuliko wote, kwa ile sauti ya chini. Mtu wa sauti ya chini ndiye anayepata hasara kundi likivunjika. Hakuna anayenunua msingi bila nyumba juu yake.

Kijana wa punda alitaka kujua kama yuko aliyewahi kuachana vizuri. Yuko. Sauti Sol, hawa wetu wa Nairobi. Bien, Savara na Chimano walisoma pamoja Upper Hill, Polycarp akajiunga na gitaa lake, wakaanza 2005. Kabla ya kupendwa waliimba muda mrefu kwa watu wachache. Wakasimamia mambo yao, mwaka 2019 wakafungua lebo yao wenyewe, Sol Generation, yaani badala ya kukodi chombo wakachonga chao. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba wanapumzika, wakafanya tamasha la kuaga Nairobi mwezi Novemba, wakakumbatiana jukwaani, watu wakalia. Sisemi hawakuwa na magomvi; ndoa haikosi. Lakini miaka 18 pamoja, na hakuna aliyempeleka mwenzake mahakamani! Humu mjini ndugu wa baba mmoja hawamalizi miaka 18 juu ya mnazi mmoja.

Wale wa ndevu za hina wakasema Sauti Sol walivua mashati kwenye ile video ya "Nishike", mwaka 2014, kwa hiyo mfano wao haufai. Nikawaambia shati na mgao ni mambo mawili. Wakasonya. Nikasonya.

Sasa tuje kwa wenyewe. Tukiwa katikati ya hayo, walifika vijana wanne kutoka Langoni. Wametia mafuta ya nywele, wamevaa fulana za aina moja, mmoja amebeba spika ndogo begani. Wakasalimia vizuri, mkono kwa mkono, mpaka kwa muuza kahawa. Nikajua wana shida. Shida yao ilikuwa jahazi. Wana wimbo wa taratibu, umekwisha kurekodiwa Mombasa, wamebakisha video. Wanataka jahazi la nahodha kwa siku moja, likapigwe picha upande wa Shela jua likizama, wao wanne wamesimama omoni wanaimba.

Ukweli wa mambo nikaupata baadaye kwa yule mwenye spika: jahazi halikuwa chaguo lao la kwanza. Walitaka gari. Walitaka Prado nyeupe, waegemee boneti, nyuma yao maghorofa ya Nairobi yenye taa. Nauli na kulala vikawashinda, ndipo wakakumbuka kwamba kwao kuna bahari. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Wenzetu wa bara wanafunga safari kuja hapa na kamera za kuruka, wanamkodi punda, wanasimama mbele ya mlango wa nakshi wa nyumba ya watu bila hata kubisha hodi, wanaimba mapenzi yao, wanaondoka. Huku mtoto wa Lamu, aliyezaliwa nyuma ya mlango huo huo, analilia boneti katika mji ambao vichochoro vyake havimpitishi punda na mzigo na mama mwenye ndoo kwa wakati mmoja. Wale Westlife nilisema walikwenda kwenye majabali ya kwao. Hawa wetu walifika kwao kwa kukosa nauli. Si mbaya, bora wamefika.

Tukawaambia waimbe. Wakaimba, papo hapo, bila spika. Na hapa nitoe ushahidi wa haki mbele ya Mungu: waliimba. Hawa ni watoto waliokulia kwenye kasida, wamepigishwa matari tangu hawajang'oa meno ya utotoni, wamekaa safu kwa safu Riyadha wakati wa Maulidi, sauti zao zinajua kungojana. Hakuna aliyewafundisha kupokeana, wamekuta. Wa sauti ya chini ni mwembamba, ungedhani ataimba kama kifaranga, kumbe ndani amemeza pipa. Hata wa ndevu za hina alisahau kusonya. Mwalimu akasema tofauti iliyopo ni kwamba kwenye kasida mgao ni thawabu, na thawabu haina meneja.

Nahodha akawasifu. Kisha akamwita mkubwa wao. "Ndoo hapa mwanangu. Wimbo nimeusikia, ni mzuri. Mafungu yakoje?"

Kijana hakuelewa. Akadhani mzee anataka kodi ya jahazi.

"Sijafika kwenye jahazi. Nauliza nyinyi wanne."

Yakatoka mambo. Maneno ameandika mmoja, yule mwembamba. Sauti amepanga mwingine. Studio amelipa mjomba wa huyu wa tatu, kwa hiyo mjomba anahesabika. Wa nne kazi yake ni kucheza, na mtandao. Mwalimu akauliza mtandao maana yake nini. Maana yake chaneli ya YouTube ameifungua yeye, kwa barua pepe yake, na nywila anayo yeye. Mwalimu akavua miwani. Akawaeleza polepole, kama darasani, kwamba kwa kawaida chaneli hailipwi pesa ya matangazo mpaka ifikishe wafuatiliaji 1,000, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na ikishaanza kulipwa pesa inakwenda kwa aliyeandikisha. YouTube haijui nani aliimba. Na Skiza nayo ni hivyo hivyo, mtu akiubonyeza wimbo kwa *811# uwe mlio wa simu yake, kinacholetwa kinakwenda kwa jina lililosajiliwa, baada ya kupita mikono ambayo wasanii wa nchi hii hawajaacha kuilalamikia. Akauliza kama maneno ya wimbo yamesajiliwa KECOBO, bodi ya hakimiliki, kwa jina la aliyeyatunga. Wakatazamana.

"Sisi ni ndugu," mkubwa wao akasema. "Hatuwezi kufanyiana hivyo."

Nahodha akawa mkali kidogo. "Mimi na ndugu yangu tulitoka tumbo moja, na mafungu twasema kabla ya kungia maini. Kwa vile ni ndugu yangu. Mgeni naweza kugombana naye, ataondoka. Ndugu nitakaa naye mpaka kaburini, nimchukie vipi miaka yote hiyo kwa ajili ya changu?"

Jirani yetu mmoja, mama anayeuza viazi vya karai upande wa pili wa njia, ambaye husikia kila kitu na kuchangia kwa kusonya tu, siku hiyo alifungua mdomo. "Mmeutoa mgao wa mbao, wa nyavu, wa mjomba, wa YouTube. Wimbo mzima wamlilia mwanamke. Yeye fungu lake liko wapi?"

Kicheko. Yeye hakucheka.

"Mimi nauliza. Huyo atakayesimama kwenye video mkamzungukia mkimlilia, analipwa nini?"

Ikabidi vijana waseme. Wasichana wa Lamu wamekataa, au baba zao wamekataa kwa niaba yao, kwa hiyo wamepata mmoja wa Malindi, anafanya kazi hizo, ana picha zake mtandaoni. Mkubwa wao alikuwa amemwahidi kwamba wimbo ukishika, atakumbukwa. Binti akamjibu kwa sauti ya kurekodi, na kijana, kwa ujinga wa umri, akatuchezea hapo barazani ili tuone jinsi watu wa siku hizi wasivyo na subira. Sauti ya binti ilikuwa tulivu kabisa. Alisema hapandi basi mpaka nauli ya kwenda na kurudi iingie kwenye M-Pesa, pamoja na ya mashua kutoka Mokowe. Nusu ya malipo kabla, nusu nyingine siku ya kupiga picha kabla hajavua viatu kuingia jahazini. Analala nyumba yenye mwanamke mtu mzima. Na video ikitumiwa na kampuni kutangaza biashara, hayo ni mapatano mengine, wampigie simu. Mwisho akawatakia usiku mwema na kuwapongeza kwa wimbo.

Mama wa viazi alirudi kwenye mafuta yake bila neno. Watoto wa Langoni walikuwa wanangoja tumsonye binti pamoja nao, na baraza lote likawa linatazama vidole vya miguu.

Jahazi walipewa. Kwa masharti: mafuta ya mashine juu yao, mabaharia wawili walipwe siku yao, chombo hakitaki fungu la wimbo ila jina lake lionekane vizuri kwenye video, na kabla ya siku yenyewe walete karatasi yenye majina manne na mjomba, nani ana ngapi, iliyotiwa sahihi mbele ya mwalimu. Mwembamba wa sauti ya chini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba kalamu. Wa YouTube alisema ana haraka, ataandika nyumbani.

Nahodha akamshika mkubwa wao mkono, akaomba namba ya binti wa Malindi. Msimfikirie vibaya. Kaskazi inakaribia, karani wake wa kugawa mafungu ameolewa Mombasa, naye hajapata mwingine wa kuaminika.